Mwanafunzi Mweusi wa Marekani Asiachwe Peke Yake

KATIKA mji wa Hayward, jimbo la California, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, kipo chuo cha jamii kiitwacho Chabot. Mwaka 1981 chuo hicho kilianzisha mpango wa kuwasaidia vijana wa asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, ukaitwa Puente, neno la Kihispania lenye maana ya daraja. Kabla ya miaka hiyo ya 1980 kwisha, walimu wa chuo hicho hicho waliona kuwa vijana Weusi nao walikuwa wakianguka njiani vivyo hivyo, wakaanzisha mpango wa pili kwa mfano wa ule wa kwanza. Walipotafuta jina hawakulitafuta katika Kiingereza. Waliuita Daraja. Leo zaidi ya nusu ya vyuo vya jamii vya California vina mpango wa namna hiyo, na mtandao unaoviunganisha unaitwa Umoja.

Kwamba Wamarekani Weusi hukiendea Kiswahili wanapotaka kukipa jina kitu wanachokithamini, si habari mpya. Maulana Karenga, aliyeasisi sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuipa nguzo saba zenye majina ya Kiswahili, umoja ikiwa ya kwanza na ujamaa ikiwa ya nne, mwenyewe alianza masomo ya juu katika chuo cha jamii. Chuo hicho ni Los Angeles City College, na hapo alichaguliwa kuwa Mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya wanafunzi. Mwalimu wa Kiswahili wa Tabora au Tanga asikiapo habari hizi ana haki ya kuona fahari. Lakini jina ni amana. Aliyeliazima neno umoja yafaa atazamwe kwa makini ili ijulikane analifanyia kazi gani. Na anayetaka kumpokonya kazi hiyo naye aulizwe hoja zake.

Chuo cha jamii ni chombo cha Kimarekani hasa. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchini kote. Hutoa stashahada ya miaka miwili na vyeti vya ufundi, na mwanafunzi akipenda huhamia chuo kikuu kuendelea na mwaka wa tatu. Kwa kawaida hakimchuji mtu mlangoni kwa mtihani. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na ya chuo kikuu. Huko California ni dola 46 kwa kila kizio cha somo tangu mwaka 2012, na wenye kipato duni husamehewa. Kabla ya mwaka 1984 jimbo hilo halikutoza ada kabisa. Ni chuo cha mfagizi, cha mlinzi wa usiku, cha mama mwenye watoto wawili, cha kijana ambaye shule yake ya sekondari haikuwa na mwalimu wa fizikia. Kwa maelfu ya Wamarekani Weusi ndicho chuo pekee kilicho karibu na nyumbani na kinachokubaliana na mfuko wao.

Wala mlango huo haukufunguka wenyewe. Huey Newton na Bobby Seale, waliounda chama cha Black Panther mjini Oakland mwezi Oktoba 1966, walikutana wakiwa wanafunzi wa chuo cha jamii cha Merritt, na walikuwa miongoni mwa wanafunzi waliodai historia ya watu Weusi ifundishwe hapo. Miaka hiyo hiyo ya harakati ndiyo iliyozaa misaada mingi ambayo leo huonekana kama mambo ya kawaida ya ofisini. Serikali ya shirikisho ilianza mwaka 1964 na mpango wa kuwaandaa vijana maskini kwa chuo, ikaongeza mwingine mwaka 1965 wa kuwatafuta wenye vipaji, na mwaka 1968 ukafuata wa kuwahudumia wakiwa tayari chuoni. Mitatu hiyo ndiyo iliyoitwa TRIO. California nayo ilipitisha sheria mwaka 1969 ya kuanzisha huduma maalumu, ijulikanayo kama EOPS, kwa wanafunzi maskini wa vyuo vya jamii. Yapasa kukumbuka mfuatano huo. Watu walidai kwanza, sheria ikaja baadaye.

Sasa taabu iko wapi? Kwa miongo mingi takwimu za Marekani zimeonyesha jambo lile lile: mwanafunzi Mweusi huingia chuo cha jamii kwa wepesi, lakini hutoka na stashahada kwa nadra kuliko mwenzake Mweupe. Ipo tafsiri ya haraka ya jambo hilo, nayo imependwa sana na watu wasiopenda kufikiri: ati kijana hakuandaliwa, ati hana bidii, ati kwao elimu haithaminiwi. Tafsiri hiyo ina faida moja kubwa kwa wanaoishikilia. Inakiacha chuo bila lawama.

Tuhuma hizo zilikwisha kupimwa. Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, mwalimu wa hesabu Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka sana katika somo la kalkulasi ilhali Wamarekani wa asili ya Kichina wakifaulu. Aliwauliza walimu wenzake, nao wakampa majibu yale yale ya bidii, maandalizi na familia. Badala ya kuyakubali akachukua wanafunzi 20 wa kundi moja na 20 wa kundi la pili, akawafuata hadi walikojisomea. Aligundua kuwa familia za Weusi zilikuwa zikiwahimiza watoto wao kwa nguvu zote, na kwamba vijana hao walikuwa wakitimiza saa za kujisomea walizoagizwa. Tofauti ilikuwa mahali ambapo hapakutazamwa. Wachina walikuwa wakimaliza kazi zao kisha wakakutana, wakakosoana, wakaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Mweusi alijifungia chumbani peke yake. Swali likimshinda hakujua kama limemshinda yeye tu au limewashinda wote, na mara nyingi alifikia hitimisho lililo baya zaidi.

Dawa aliyoitunga Treisman haikuwa darasa la wajinga. Aliwakusanya wanafunzi hao katika vikundi na kuwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wafanye pamoja, na alama zao zikapanda sana. Kila mwalimu atakayesoma habari hizi atautambua ukweli wake mara moja, kwa kuwa hakuna shule ya bweni Afrika ya Mashariki ambayo wanafunzi wake hawajui thamani ya kikundi cha kujisomea baada ya chakula cha jioni. Ajabu ni kwamba chuo cha jamii cha Kimarekani kwa kawaida hakina bweni. Mwanafunzi hufika saa mbili, huondoka saa sita kuwahi kazini, na anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu kumjua kwa jina.

Juu ya upweke huo chuo chenyewe kilimjengea mwanafunzi ngazi mbovu. Kwa miaka mingi mgeni alipofika alipewa jaribio fupi la hesabu na Kiingereza. Akishindwa, na wengi wa Weusi walishindwa, alipelekwa katika madarasa ya matayarisho ambayo hayakuhesabika kwenye stashahada yake. Wengine waliwekwa chini ngazi tatu kabla ya somo lenyewe. Haihitajiki kompyuta kuona matokeo yake. Chukua vijana 100, na useme kwamba katika kila ngazi 70 kwa 100 wanafaulu na kurudi muhula ufuatao, kiwango ambacho mwalimu yeyote angekiona kuwa kizuri. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 70, baada ya pili 49, baada ya tatu 34. Wakilifanya somo lenyewe kwa kiwango hicho hicho, wanafaulu 24. Vijana 76 wameondoka bila kukutwa na msiba wowote mkubwa. Walishushwa mmoja mmoja, kituo baada ya kituo, na kila mwalimu kwa upande wake aliridhika kuwa darasa lake lilifanya vizuri.

California imechukua hatua juu ya jambo hili. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2017, ambayo vyuo vilitakiwa kuitekeleza kikamilifu kuanzia mwaka wa masomo wa 2019, ilivitaka vyuo vitazame rekodi ya mwanafunzi ya shule ya sekondari badala ya kutegemea jaribio, na vimwingize katika somo lenye kuhesabika ikiwa huko ndiko atakakopata nafasi kubwa zaidi ya kufaulu ndani ya mwaka mmoja. Sheria nyingine ya mwaka 2022 ilikaza uzi huo. Wanafunzi Weusi wanaoanza moja kwa moja katika masomo hayo wameongezeka mno. Baadhi ya walimu walilalamika kwamba kiwango cha elimu kitashuka. Malalamiko hayo yana uzito pale tu ambapo kijana ametupwa darasani bila msaada wa pembeni. Ndipo mipango kama Umoja inapoonyesha kazi yake, kwa sababu tofauti kati ya Weusi na Weupe katika kufaulu masomo hayo haikufutwa na sheria peke yake.

Umoja hufanya nini hasa? Wanafunzi wa mpango husoma baadhi ya masomo pamoja, hasa Kiingereza, wakiwa kundi moja lenye mwalimu mmoja na mshauri mmoja wanaofanya kazi kwa kuelewana. Maandishi wanayosoma hutokana kwa wingi na waandishi na wanafikra Weusi, ili kijana anayejifunza kujenga hoja aijenge juu ya jambo ambalo babu yake alilipigania. Hutengewa mahali pao chuoni, mahali panapoitwa kijiji, pa kukaa, kusoma na kula. Na mojawapo ya desturi walizojiwekea ni mazungumzo wanayoyafananisha na yale ya watu waliokaa kwenye kibaraza cha nyumba: kila mtu husema kinachomsumbua, wengine wakasikiliza. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa maana ya baraza. Atashangaa kidogo tu kusikia kwamba ng'ambo huko jambo hili limebidi liandikwe katika mwongozo wa kazi.

Wapo wataalamu watakaosema kuwa hayo ni mambo ya kuburudisha moyo na kwamba mwanafunzi maskini anahitaji nauli. Wana haki kwa nusu ya maneno yao. Ushahidi wa nusu hiyo umepatikana New York, na ni ushahidi mzito, kwa kuwa haukutegemea sifa za wenye mpango wenyewe.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango ujulikanao kama ASAP. Mpango huo haukutengwa kwa ajili ya Weusi. Ulilenga wenye kipato duni. Kila mwanafunzi alitakiwa asome kwa muda wote, siyo kwa vipande. Naye alilipiwa pengo lolote la ada lililobaki baada ya misaada ya serikali, akapewa vitabu bure, akapewa kila mwezi kadi ya kupandia treni na basi kwa sharti la kuhudhuria kwa mshauri na kwenye mafunzo ya ziada. Mshauri mmoja alihudumia wanafunzi kati ya 60 na 80. Katika vyuo hivyo hivyo, mshauri wa kawaida alihudumia kati ya 600 na 1,500. Tarakimu hizo mbili zinastahili kusomwa tena polepole. Mtumishi yeyote wa serikali aliyewahi kukalia meza yenye majalada 1,500 anajua kwamba hapo hakuna ushauri. Kuna kugonga mihuri.

Watafiti walichukua wanafunzi 896 wa vyuo vitatu vya jiji hilo, wote wakiwa na upungufu katika hesabu au Kiingereza, kiasi cha theluthi moja wakiwa Weusi, wakawagawa kwa kura: kundi moja likaingia kwenye mpango, jingine likabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa mwaka 2015, katika kundi la mpango walikuwa wamehitimu 40 kwa kila 100, na katika kundi la pili 22. Ikasemwa kwamba New York ni New York. Mpango huo ukajaribiwa katika vyuo vitatu vya jimbo la Ohio. Waliohitimu ndani ya miaka mitatu walikuwa 35 kwa 100 katika kundi la mpango, na 19 katika kundi jingine.

Kwa hiyo kura iliamua nani apate mshauri na nauli, na mshauri na nauli vikaamua nani ahitimu. Bidii ya kijana, malezi yake na mtaa wake vilikuwa ni vile vile katika makundi yote mawili. Hili ndilo jibu kwa wale wenye tafsiri ya haraka, na tangu litolewe halijapata mtu wa kulipangua.

Gharama nazo zitajwe bila kificho. Kwa kila mwanafunzi, mpango wa New York ulitumia katika miaka mitatu kiasi cha dola 16,300 zaidi ya huduma za kawaida. Ni fedha nyingi. Hata hivyo waliohitimu waliongezeka kwa kiasi ambacho, ukigawanya gharama yote kwa idadi ya stashahada zilizopatikana, kila stashahada ilikuja kwa bei ndogo kuliko ile ya njia ya kawaida. Chuo kinachobana matumizi kwa kumpa mshauri wanafunzi 1,000 kimechagua kulipia viti ambavyo baadaye vitakuwa vitupu.

Hapa ndipo lawama inapopaswa kuelekezwa hata kwa marafiki. Mipango ya kusaidia wanafunzi Weusi imekuwa kwa vyuo vingi pambo la kuwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa taarifa ya mwaka. Picha hupigwa, mkuu wa chuo hutoa hotuba mwezi Februari, ambao ni mwezi wa historia ya Weusi, kisha mpango huachiwa mshauri mmoja ambaye nusu ya muda wake anatumika kwenye kazi nyingine, na fedha zake hutegemea msaada unaokwisha baada ya mwaka. Mpango unachukua kundi dogo. Nje ya mlango wake wamebaki wanafunzi Weusi wa chuo hicho hicho, wengi zaidi, ambao hata hawajui kama upo. Ni kweli kwamba kundi dogo hupendana na kufahamiana. Lakini chuo chenye ushahidi kuwa dawa inaponya, kikaendelea kumpa mgonjwa mmoja na kumwacha wa pili kwa miaka kumi, kinakwepa wajibu wake. New York ilionyesha kuwa kupanua kunawezekana: mpango ulioanza na wanafunzi wapatao 1,100 ulifika baadaye kiasi cha 25,000 kwa mwaka.

Zaidi ya marafiki wazembe wapo maadui, na hao miaka hii wamepata nguvu. Tangu mwaka 1996 katiba ya California imekataza taasisi za umma za jimbo hilo kumpendelea mtu kwa rangi yake, na kwa sababu hiyo Umoja, ingawa umejengwa juu ya historia ya Weusi, uko wazi kwa kila mwanafunzi anayetaka. Jambo hilo halikuwatosha wapinzani. Mwezi Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo vikuu kutazama rangi katika kuchagua wanafunzi. Hukumu hiyo ilihusu uchaguzi wa wanafunzi, na chuo cha jamii kwa kawaida kinampokea kila mtu. Hata hivyo hofu ilienea kama moto wa nyika. Mwaka huo huo Texas na Florida zilitunga sheria za kukataza vyuo vya umma kugharimia shughuli nyingi zinazohusu usawa wa rangi. Tarehe 14 Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilivitumia vyuo barua ya kuvitishia kuvinyima fedha endapo vitaendelea na mipango inayojali rangi. Mwezi Agosti 2025 hakimu wa shirikisho huko Maryland akaibatilisha. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ya Rais Trump ilipendekeza fedha za TRIO zifutwe zote, fedha ambazo zinawafikia maskini wa kila rangi, wakiwamo Weupe wa milimani Appalachia.

Pendekezo hilo la mwisho limeondoa pazia. Kama ugomvi ungekuwa juu ya rangi tu, TRIO isingeguswa, kwa kuwa haichagui kwa rangi bali hutazama kipato, wazazi ambao hawakuhitimu chuo, na ulemavu. Anayelalamika kuwa Umoja unawatenga Weupe, kisha akanyoosha mkono kuchukua kile kinachomsaidia mtoto wa mchimba makaa Mweupe wa West Virginia, hawezi tena kudai kuwa anatetea usawa.

Je, basi wapiganiaji wa mwanafunzi Mweusi waachane na jina na historia, wakimbilie mipango isiyotaja rangi kama ule wa New York? Ushauri huo hutolewa siku hizi na watu wenye nia njema. Una busara ya muda mfupi. Nauli, vitabu na mshauri vinamfikisha kijana darasani na kumrudisha kesho yake. Havimwambii afanye nini mwalimu anapomtazama kwa mshangao kila anapojibu sawasawa. Havimpi wenzake wa kumwambia kuwa swali lile limewashinda wote. Aliyefuatwa na walinzi dukani tangu utotoni huja chuoni akiwa amejizoeza kutoomba msaada, kwa kuwa kuomba msaada ni kujionyesha mnyonge. Ofisi ya mshauri inaweza kuwa wazi kutwa nzima naye asiingie. Kibaraza ndicho kinachomfikisha ofisini, na ofisi ndiyo inayompa nauli. Vyuo vya California tayari vina vipande vyote hivi: vina EOPS tangu 1969, vina vituo vya mahitaji ya lazima vilivyoagizwa na sheria ya mwaka 2021 kwa ajili ya wanafunzi wenye njaa na wasio na makazi, vina Umoja. Mara nyingi kila kipande kina ofisi yake, fomu yake na foleni yake, na mwanafunzi mwenye saa moja kabla ya kuwahi zamu kazini ndiye anayetakiwa avishone pamoja.

Wakuu wa vyuo hivyo wanaotaka kuyahifadhi hayo chini ya sheria za sasa hawakosi njia. Mpango ukiwa wazi kwa wote, ukawafuata wanafunzi wanaoanguka kokote waliko, ukaendelea kusomesha historia ya watu Weusi kama elimu inayomfaa kila kijana, hakuna katiba inayouzuia. Kazi ya kwanza haihitaji hata kibali cha bunge la jimbo. Chuo kihesabu washauri wake, kigawanye kwa idadi ya wanafunzi, kisha kihesabu ni wangapi kati ya wanafunzi Weusi walioandikishwa muhula huu ambao mpaka wiki ya sita hawajaketi na mshauri yeyote, na majina ya hao yawekwe mezani kwa mkuu wa chuo kabla ya muhula kwisha.